Ng'ombe Waliorudi na Namba

Butiama, 18 Februari 1996

Mwanangu Robi,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa kona moja lakini inasomeka. Nasalimia wewe na hao unaokaa nao huko Dar es Salaam. Huku tumeamka wote, mguu wangu ni ule ule, mvua imekuja kidogo na mtama umesimama. Shangazi yako Nyamhanga ameng'olewa jino, sasa akicheka anafunika mdomo kama mwari. Kanisani tumepata padri mpya, anahubiri mpaka ugali unapoa nyumbani.

Sasa nije kwenye lile ulilouliza. Umeniandikia, mama, ng'ombe wako wapo kwa nani na kwa nani, na ni wangapi. Nimeisoma mara nyingi, mkono ukakataa kujibu. Tangu baba yako afariki ni miaka saba, hujawahi kuuliza hata kama wana mikia. Leo unataka majina. Kwa nini leo?

Wewe unajua kwa nini ng'ombe zangu hazilalagi kwangu. Matanga yalikuwa hayajaisha, baba yako mdogo Burito akaingia zizini na fimbo, akachagua dume, akachagua wanaokamuliwa, akasema mjane mwenye binti mmoja anamfugia nani. Hakuacha hata ndama. Waliobaki ni wale baba yako aliwakabidhi kwa marafiki zake, ambao Burito hawajui. Nikanyamaza, na mpaka leo nimenyamaza. Mtunzaji anakunywa maziwa, akizaliwa ndama kwa zamu yake anachukua, na mimi nikibanwa naletewa mmoja anauzwa. Ile miaka ya dukani hakuna sabuni hakuna chumvi, baba yako aliishi hivyo hivyo. Ada yako ya sekondari ilitoka humo. Burito akijua waliko, ni siku moja tu, hawapo.

Tena barua zetu zinapitia kwa mwalimu, na Burito anachezaga bao na mwalimu. Hilo sikuliandika kukutisha, ila ulijue.

Niambie kwanza hiyo kazi yako ni kazi gani.

Mimi mama yako,
Skolastika


Dar es Salaam, 20 Machi 1996

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kuona mwandiko wako, ninakuona kabisa umekaa pale mlangoni na kalamu yako ya kisomo. Pole na mguu. Mwambie shangazi Nyamhanga nitamletea jino la dhahabu.

Umeuliza kazi yangu. Hapa kuna wafanyabiashara wazito ambao wanachozalisha ni fedha kwa fedha. Tangu benki za watu binafsi zifunguliwe na serikali iachie biashara, hawataki tena mali yao ilale mahali pamoja. Wengine wamenunua viwanja, wengine wameingia kwenye viwanda vya sangara huko huko kwetu. Kampuni yetu inawatafutia mahali ambapo wenzao bado hawajapaona. Mkubwa wangu, Bwana Hamduni, alituuliza kikaoni nani ana wazo jipya. Mimi nikasema ng'ombe.

Mama, walinigeukia wote kunisikiliza. Nikawaeleza yale yale unayofanya wewe. Mwenye fedha ananunua mitamba, tunawakabidhi kwa wafugaji Bunda na Butiama, mfugaji anapata maziwa na sehemu ya ndama, waliobaki wakikua wanapelekwa mnadani. Ugonjwa ukiingia boma moja, mengine yanasalimika. Wameuita mfuko wa mifugo, na huenda nikapewa niusimamie. Mwanamke, tena kutoka Mara! Lakini wanataka kuona kwamba jambo hili lipo, lina watu wanaolifanya. Ndiyo maana nimeuliza majina. Haya mambo nimejifunza kwako.

Nijibu mapema.

Binti yako,
Robi


Butiama, 14 Aprili 1996

Mwanangu,

Nimepokea salamu zako na nimezigawa. Pasaka tumesherehekea, tumechinja jogoo yule mkorofi aliyekuwa anaparua watoto wa jirani. Nilikwenda Musoma kuonyesha mguu, nikalala Kamunyonge kwa binamu yako Hana. Anakusalimu, amezaa tena.

Umesema umejifunza kwangu. Tangu lini unanisifu? Ulipokuwa mdogo ukinisifu nilikuwa naangalia sukari kwanza.

Huko Musoma niliona mali ya hao watu wako wa sangara. Lori limepakia minofu inakwenda Mwanza ikapande ndege, na akina mama tumejipanga foleni tunanunua mapanki, kile kichwa na mifupa na mkia uliobaki. Hana aliyakaanga, tukala, siyo mabaya. Lakini usingizi haukuja vizuri. Nilikuwa najiuliza, kwenye huo mfuko wako minofu itakuwa ya nani na mapanki ya nani.

Nijibu haya. Ng'ombe wa tajiri akifia kwa mtunzaji inakuwaje? Kwetu mtunzaji analeta ngozi na mguu wa nyuma, mnakaa mnasikitika wote, yameisha. Na mtunzaji akifiwa, huyo tajiri atakuja kukaa chini matangani? Au ng'ombe wake watakuwa hawana mwenyewe ila karatasi?

Nimewaza nikaona nikikunyima kabisa utasema mama hanipendi. Nakupa mmoja. Ni Makongoro wa Kiabakari, walitahiriwa mwaka mmoja na baba yako. Walioko kwake ndio wengi. Usimtajie mtu yeyote. Tena kwa mtu kama huyo haiendwi kuhesabu. Mimi ninaendaga na tumbaku, nakaa, naulizwa habari, napewa maziwa, na ng'ombe wakirudi nawaona kama nimewaona kwa bahati tu. Hata macho siyakazi.

Barua hii haipiti kwa mwalimu, kwa hiyo hili jina tunalijua mimi na wewe tu. Likitoka nitajua limetokea wapi.

Mama yako


Dar es Salaam, 2 Juni 1996

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi, nimepewa meza yenye simu. Kwenye basi nimekuwekea dawa ya kuchua mguu, sweta, na vitenge viwili. Vimeandikwa jina la Mwanaupe, yule rafiki yako wa duka la nguo pale Bunda, maana konda anamfahamu. Hongera kwa Hana.

Uliuliza ng'ombe akifa. Wenye mfuko wanataka mtunzaji alipe nusu ya bei ili awe mwangalifu, lakini hilo bado tunalizungumza.

Lile jingine nimelipata, asante. Usiwe na wasiwasi.

Robi


Butiama, 30 Juni 1996

Robi,

Vitenge nimepokea, sweta imenitosha. Mguu unaendelea. Salamu nyingine sina.

Jumanne nilikuwa natwanga, nikasikia kengele za ng'ombe barabarani, nyingi. Kuinua macho, namuona Makongoro mbele na fimbo, na nyuma yake ng'ombe zangu, wote. Kila mmoja ubavuni amepakwa namba kwa rangi ya buluu, kubwa kama sahani. Moja, mbili, tatu, wamefuatana vile mpaka namba ambayo sitaki kuiandika.

Aliwaingiza mwenyewe kwenye zizi langu la mbuzi, wakabanana. Akasema, "Mama Robi, mali yako hii."

Nikamwambia, "Shemeji, kumetokea nini? Kaa kwanza."

"Sikai. Mtu wako amekuja na pikipiki. Hakusalimia mtu, ameingia kwenye boma langu anawanyooshea kidole mmoja mmoja, anapaka rangi. Nimemuuliza umetumwa na nani, akasema na Robi. Miaka yote hii kama uliona nakuibia si ungekuja ukasema?"

"Sikutuma mtu, Makongoro. Naapa."

"Basi mtoto wako hakutumwa na wewe, amejituma. Yote ni nyumba moja."

"Kunywa hata maji."

"Maji yako ni matamu, ila mimi sina kiu."

Akageuka akaenda zake. Unajua maana yake mtu akirudisha ng'ombe wote kwa siku moja, hakuna aliyekufa hapo ila urafiki.

Njia nzima kutoka Kiabakari ng'ombe wamepita, watu wanasoma zile namba. Na Burito alikuwa kisimani. Huyo aliishia darasa la pili lakini namba anazijua. Wamenieleza alisimama, akaweka ndoo chini, akasubiri mpaka wa mwisho apite ndipo akaondoka. Jioni alipita hapa akauliza kama nina chumvi.

Robi, ulimpa nani lile jina?

Skolastika


Butiama, 11 Agosti 1996

Mwanangu Robi,

Hujajibu. Nasema labda barua imekwama kwa mwalimu. Kama unaumwa niambie, kama una hasira pia niambie. Hii nimempa konda wa basi mkononi, nimemlipa mayai.

Burito aliita kikao cha ukoo, hapa hapa uwanjani kwangu, tena viti nimeazima mimi. Wakaja wazee, na mwenyekiti wa kijiji, na shangazi yako Nyamhanga ambaye hakuitwa. Burito akasimama akasema, "Miaka saba shemeji anakuja kuniomba dawa ya kuogeshea mbuzi, machozi mpaka kwenye kidevu, kumbe ni tajiri! Hawa ni ng'ombe wa marehemu kaka yangu. Ni wa ukoo."

Sijui maneno yalitoka wapi. Nilisimama nikasema, "Wazee, someni. Nani Butiama hii anafuga ng'ombe wa namba? Hawa ni mali ya kampuni ya Dar es Salaam. Robi anafanya kazi huko, wameletwa nitunze. Anayetaka achukue, ila kampuni ikija na polisi mimi nitaonyesha tu nyumba aliyoingia ng'ombe."

Burito akasema, "Karatasi iko wapi?"

"Iko Dar es Salaam. Panda basi ukaisome."

Nyamhanga alicheka akasahau kufunika lile pengo. Burito alimsogelea mmoja, akagusa ile rangi, akapangusa kidole kwenye suruali. Wazee wakasema mali ya kampuni haiguswi, kikao kimefungwa. Mwenyekiti ameandika kwenye kitabu chake, ng'ombe wa kampuni. Nilipoingia ndani nilifunga mlango, nikacheka peke yangu kama chizi. Cheka na wewe.

Kiabakari nilikwenda na tumbaku. Makongoro hakutoka ndani. Mke wake amenipa maji. Siku zote ninapewaga maziwa.

Ile ya nani ulimpa jina, bado nakusubiri.

Mama yako


Dar es Salaam, 8 Septemba 1996

Mama,

Shikamoo. Siumwi na sina hasira. Nilikuwa safarini Shinyanga kwa mambo ya mnada.

Pole sana kwa yaliyotokea na mzee Makongoro. Mkaguzi alikwenda bila utaratibu, nimeshasema naye.

Kuhusu kikao, ulisema hivyo mbele ya nani na nani? Huyo mwenyekiti aliandika kweli, na akapiga muhuri? Tafadhali usirudie kusema, wala usimkanushe aliyesikia. Nyamaza tu. Na zile namba usizifute. Kuna mtu atapita mwezi wa kumi na moja, kuwaangalia tu.

Nitatuma sabuni.

Robi


Bunda, 6 Oktoba 1996

Mwanangu,

Naandika nikiwa kwa Mwanaupe, ameniwekea meza kati ya majora ya kitenge. Anakusalimu, anasema umekonda kwenye ile picha uliyotuma. Bunda kuna vumbi na pamba ya mwaka huu haina bei.

Barua yako nimeisoma, halafu nikampa Mwanaupe naye aisome, maana nilidhani macho yangu yamekosea. Yeye amefiwa na mume kama mimi, na shemeji zake walimwachia cherehani tu, duka hili ameanza na cherehani hiyo. Alimaliza kusoma akavua miwani, akaniuliza, "Skola, mtoto wako mbona hakucheka?"

Ndilo ninalokuuliza. Mimi nilidanganya ukoo mzima, nikakuandikia ucheke. Wewe umeuliza habari za muhuri. Ungekuwa umeona ni uongo tu ungenigombeza, au ungesema mama umezidi. Wewe umeogopa.

Umeandika nini huko, Robi? Sema wewe, nisije nikaambiwa na mtu wa pikipiki.

Jibu kwa sanduku la Mwanaupe. Kwa mwalimu usipitishe tena.

Skolastika


Dar es Salaam, 27 Oktoba 1996

Mama,

Shikamoo, na mpe Mwanaupe shikamoo yake.

Bwana Hamduni alisema anayetaka kusimamia mfuko lazima na yeye awe ameweka chake ndani, ndipo wenye fedha wamwamini. Wenzangu wana viwanja, wana wajomba. Mimi nina meza na simu. Kwa hiyo kwenye fomu niliwaandika wale wa Makongoro kama dhamana yangu. Ni karatasi tu, mama. Hakuna atakayewagusa, labda mfuko ushindwe, na mfuko hauwezi kushindwa. Hapo Bunda watu wameshapewa mitamba, waulize kama wanalalamika.

Sikukuambia kwa sababu ungekataa. Na mwisho wa yote wangekuwa wangu hata hivyo, sina ndugu mwingine.

Mfuko ukikaa vizuri nitawatoa kwenye fomu. Nipe mwaka mmoja. Usizifute namba.

Robi


Butiama, 1 Desemba 1996

Mwanangu Robi,

Nakusalimu, na naomba Mungu hii ikukute umekula. Shangazi yako mzima, Hana mzima, mtoto wake anaota meno. Mvua hakuna, watu wanaangalia juu tu.

Bunda niliuliza kama ulivyosema. Ni kweli hawalalamiki. Kudura fundi baiskeli amepewa mitamba miwili, anakunywa chai ya maziwa asubuhi na jioni, anawasifu hao matajiri kama wajomba zake. Sisemi mfuko wako ni mbaya, sijui mimi. Huenda ukawa mzuri ukanenepa. Lakini ulichukua ukaweka rehani kile kilichokuwa kimefichwa, na mimi nikajua kwa sababu nimekutega. Ndiyo. Lile jina nilikupa nione utalifanya nini. Nilimtoa Makongoro kama chambo, ndiyo maana kwake nanyweshwa maji, na ni halali yangu.

Sasa sikiliza ng'ombe walivyoondoka. Siku ya mnada nilimwambia Burito, kampuni inachukua ng'ombe wake leo, nisaidie kuwaswaga mimi mguu hauwezi. Akaja! Alichapa fimbo mpaka mtoni, anawaringia watu kwamba anafanya kazi ya kampuni, akaomba nikuandikie umkumbuke. Mtoni Mwanaupe alikuwa ameweka watu wake kati ya makundi yanayokwenda mnadani. Wakawapokea ng'ombe kama watu wa kampuni, Burito akarudi nyumbani. Ng'ombe hawakufika mnadani, wamekwenda kwa watunzaji wengine. Rangi tumeisugua kwa mafuta ya taa na majivu, mahali pengine ngozi imechubuka lakini imepona.

Mtu wako wa pikipiki alikuja wiki iliyopita. Safari hii alisalimia. Akauliza mali ya mfuko iko wapi, nikampeleka kwa Burito. Burito akamjibu mbele ya mwenyekiti, "Nyie watu wa kampuni mna wazimu? Si mmeshawachukua, mimi mwenyewe nimewaswaga!" Mwenyekiti akafungua kitabu, akamwandikia na muhuri kwamba ng'ombe wa kampuni walichukuliwa na kampuni. Ameondoka anakuna kichwa.

Najua watakuuliza. Unaweza kuapa popote kwamba hujui waliko, na hutakuwa umedanganya, maana hujui. Meza wakikunyang'anya, hapa kuna kigoda. Bwana Hamduni mwambie mama yako ni mshamba, hakuelewa.

Mmoja nimemwacha hapa zizini, yule mwekundu mwenye doa kwenye paji, ana mimba; Burito nimemwambia ni ujira wangu wa kutunza. Huyo ni wako tangu leo, nimesema mbele ya Nyamhanga. Muandike kwenye fomu yoyote unayotaka.

Wengine ni wangu. Nikifa kuna mtu anajua walipo, na atakupa siku atakayoona yeye inafaa. Ni Mwanaupe. Siyo wewe. Nimelia kuandika hilo lakini silifuti. Usimuulize, nimemwambia asikujibu, na yeye hana mdomo.

Njoo Krismasi, Robi. Chumba chako kimebomoka ukuta wa nyuma, utalala kitanda kimoja na mimi kama zamani. Nitakupikia kuku, tutaongea habari za watu wengine, wewe hutaniuliza na mimi sitasema, mpaka tupitiwe na usingizi.

Mama yako anayekusubiri,
Skolastika